Rufaa Haitembei Yenyewe

Ndugu zangu wa Dodoma wakinipigia simu, swali la hospitali halikosekani. "Huko Uingereza si mtu akiumwa anatibiwa hapo hapo?" Nawajibu kwamba kwa dharura, ndiyo. Ukipata kiharusi au ukigongwa na gari utashughulikiwa bila kuulizwa pesa kwanza, na hilo nalishukuru kwa moyo wote. Lakini ugonjwa usiokuangusha leo, kama ngiri, goti, uvimbe au jicho linalofifia taratibu, una foleni, na foleni yenyewe ni ndefu kuliko watu wengi wa nyumbani wanavyodhani. Septemba 2023, kwa England peke yake, orodha ya matibabu ya hospitali yanayosubiriwa ilipita milioni 7.7. Lengo lao ni kwamba wagonjwa 92 kati ya 100 waanze kutibiwa ndani ya wiki 18 tangu rufaa. Lengo hilo halijafikiwa tangu 2016.

Kwa hiyo sikuja hapa kusifia huku na kuponda kwetu. Nina jambo moja. Huku na huko, karatasi ya rufaa haitembei yenyewe, lazima awepo mtu wa kuitembeza. Na sisi Watanzania, tulio nje na tulio nyumbani, tunaumia kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba kumuuliza daktari mara ya pili ni kumkosea adabu.

Nianze na huku. Huendi kwa daktari bingwa ukaketi kwenye benchi. Unaanza kwa GP, yaani daktari wa kawaida uliyejiandikisha kwake karibu na unapoishi. Asubuhi laini za simu zinapofunguliwa, mtaa mzima unapiga kwa wakati mmoja. Ukimpata, akiona tatizo linahitaji bingwa, anatuma rufaa hospitali kwa kompyuta. Unarudi nyumbani. Kuanzia hapo ni kimya, na kimya hicho ndicho kinachowaponza wengi, maana mtu anajua yumo kwenye foleni, kumbe hayumo.

Mimi bega ndilo lililonifundisha. GP aliniambia rufaa imekwenda. Nikasubiri barua hadi nikaanza kushindwa kuinua mkono kuvaa koti. Nikapiga hospitali, wakasema hawana rufaa yangu. Nikapiga kwa GP, wakasema walishaituma. Kila upande ulikuwa na uhakika, na kila upande ulikuwa na haraka ya kukata simu. Nikamwomba dada wa mapokezi kwa GP anisomee mambo matatu: namba ya rufaa, tarehe iliyotumwa na idara iliyotumiwa. Akanisomea, nikaandika. Nilipopiga hospitali tena sikupiga namba ya jumla. Niliomba kuunganishwa na katibu muhtasi wa daktari bingwa mwenyewe. Mama yule akaitafuta tukiwa tunaongea, nasikia kabisa anavyobofya kompyuta. Rufaa ilikuwepo. Ilikuwa imerudishwa kwa sababu picha ya eksirei haikuambatanishwa, na barua ya kunijulisha ilipelekwa kwenye anwani ya nyumba niliyohama zamani, ingawa kwa GP anwani yangu mpya ilikuwa imeandikwa vizuri tu.

Hakuna aliyenifanyia ubaya. Ni kompyuta mbili ambazo hazikuelewana, na mimi katikati yake. Lakini kama nisingepiga simu, nani angenipigia? Wengi hawajui pia kwamba hesabu ya zile wiki 18 huanza siku hospitali inapoipokea rufaa. Wewe unaweza kuwa nyumbani unahesabu wiki, wao hata moja hawajaanza kuhesabu.

Kabla hatujaagana nilimwomba yule katibu aniweke kwenye orodha ya wanaoweza kuja kwa taarifa fupi, mgonjwa mwingine akighairi. Ni ombi la kawaida kabisa huku, ila hupewi usipoliomba. Nafasi ilipopatikana aliniita.

Watanzania wenzangu mlioko huku, haya naomba myashike. Hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma, hapa England zina ofisi ya kuwasaidia wagonjwa inayoitwa PALS. Haina malipo, na kuiendea si kumshitaki mtu. Ukikosa miadi bila kutoa taarifa unaweza kufutwa na kurudishwa kwa GP ukaanze upya, kwa hiyo kila ukihama hakikisha hospitali yenyewe imebadilisha anwani na simu yako. Na kama GP amekuandikia rufaa ya haraka kwa kushuku saratani, lengo lao ni upewe jibu, unayo au huna, ndani ya siku 28. Wiki mbili zikipita hujasikia lolote, usikae ukimwachia Mungu peke yake. Piga simu. Nawajua mama zetu huku wanaokaa na maumivu yao wakisema "wataniita tu", na wanasema hivyo kwa heshima, si kwa uvivu. Mfumo wa huku hauisomi heshima hiyo. Ukinyamaza, mfumo unachukulia kwamba umepona.

Sasa nyumbani. Ngazi zetu zinajulikana: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali za kanda, na juu yake Muhimbili na zile za mifupa, moyo na saratani pale Dar es Salaam. Mwenye kadi ya bima akiruka ngazi bila fomu ya rufaa anaweza kujikuta analipa mfukoni. Kwenye karatasi mpangilio huo ni mzuri. Lakini kati ya ngazi na ngazi kuna kilomita, kuna nauli, kuna siku ya kliniki moja kwa wiki, na kuna maneno yale tunayoyajua wote: daktari yuko kwenye kikao, mashine ni mbovu, majibu bado, njoo kesho.

Mama yangu anaishi Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kando ya barabara ya Morogoro. Alipata uvimbe shingoni, akapanda ngazi zote hadi hospitali moja mjini Dodoma, wakamchukua kinyama kwa ajili ya kipimo. Wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Akarudi, majibu bado. Akarudi tena, majibu bado. Kila safari ni basi la alfajiri, bajaji kutoka stendi, benchi mpaka mchana, na usiku kulala kwa ndugu Chang'ombe. Mwisho akatuambia kwenye simu, "Wanangu, msimsumbue daktari. Watu wana kazi nyingi. Wakiwa tayari watasema."

Watasema kwa njia gani? Kwenye kadi yake ya kliniki hapakuwa na namba ya simu hata moja, ya kwake wala ya hospitali.

Mdogo wangu wa kike ana meza ya nguo sokoni Sabasaba, mjini Dodoma. Akaifunga, akaenda. Dirisha la kwanza wakamwambia bado. Badala ya kuondoka akauliza kwa upole, "Samahani sista, kinyama chenyewe kilipelekwa maabara gani, na kimeandikwa kwenye daftari gani?" Sista alikuwa na foleni ya watu nyuma yake, hakuwa na nafasi siku hiyo. Mdogo wangu akarudi siku nyingine mapema, kabla watu hawajajaa. Akamsalimia, akamkumbusha. Sista akatoa daftari la vipimo, lile la jalada gumu, kurasa zimejikunja pembeni kwa kufunguliwa sana, akaanza kushuka na kidole jina kwa jina. Jina la mama halikuwemo. Mdogo wangu akasema, "Sista, hebu jaribu kwa jina la babu." Kidole kikapanda juu kurasa kadhaa, kikasimama. Kadi ya kliniki ilikuwa na jina la baba yetu, yaani jina la mume, lakini chupa ya kinyama iliandikwa jina alilozaliwa nalo mama. Majibu yalikuwa yamefika zamani, yako kwenye bahasha, yamepangwa kwa jina ambalo hakuna aliyeliulizia.

"Kaka, yapo! Na si saratani!" Ndiyo maneno niliyoyasikia nikiwa kazini huku, nikatoka nje kulia kwa raha.

Sista naye alifurahi, na hili naliandika makusudi. Alisema walikuwa na bahasha kadhaa za namna hiyo, wenyewe hawajulikani waliko, simu hazikuachwa. Kumbe mtu tuliyekuwa tunaogopa kumsumbua alikuwa anatamani tutokee.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya huku na nyumbani vizuri. Huku kuna namba, kuna tarehe na simu ya katibu, na mgonjwa mwenyewe akiwa kitandani anaweza kuisukuma rufaa yake kama ana lugha na ujasiri. Asiye navyo hana mtu. Nimewaona wazee huku wakiwa peke yao hospitalini, barua mkononi, hawajui wapande ghorofa ya ngapi. Dodoma hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Kwetu mgonjwa hasindikizwi na mtu mmoja, wanakwenda watatu, mmoja kabeba hotipoti ya uji, mwingine mkeka. Utajiri huo huku haupo, na siamini hata kidogo kwamba tumezidiwa kila kitu. Tatizo letu ni kwamba tunamsindikiza mgonjwa mpaka kwenye benchi, kisha sote tunakaa na kusubiri pamoja naye. Inatakiwa mmoja wetu asimame, aende dirishani, aulize na aandike.

Na kufuatilia si kutoa kitu kidogo. Nasema hivyo kwa sababu mtu akisikia umefanikiwa hospitali, swali la kwanza ni "una mtu pale?" Mdogo wangu hakuwa na mtu wala hakutoa senti. Alikuwa na salamu nzuri, daftari la shule la mtoto wake la kuandikia majina na tarehe, na miguu. Dirisha likigoma kabisa, yupo afisa ustawi wa jamii na yupo mganga mfawidhi, na mara nyingi namba za viongozi wa hospitali zimebandikwa ukutani karibu na mapokezi. Zimebandikwa ili zipigwe.

Kwetu tulioko nje nina neno zito kidogo. Tunatuma pesa za vipimo, tunaona tumemaliza. Lakini kufuatilia ni kazi, na kazi hiyo karibu kila ukoo imemwangukia mtu mmoja, mara nyingi dada aliyebaki nyumbani. Meza yake ikifungwa Sabasaba siku nzima, mauzo ya siku hiyo yamekwenda. Nauli yake, maji yake ya kunywa, vocha yake, hakuna anayeviweka kwenye hesabu ya matibabu ya mama. Mimi sasa namtumia mdogo wangu fedha ya siku aliyopoteza, kando kabisa na fedha ya dawa, na wala si zawadi. Kila karatasi anaipiga picha na kuniletea WhatsApp, ili jina la daktari, siku ya kliniki na jina lililoandikwa kwenye kipimo visibaki kwenye pochi moja tu. Siku moja kabla ya mama kupanda basi, mmoja wetu anapiga simu kuuliza kama daktari atakuwepo. Saa mbili asubuhi ya Dodoma, huku ni alfajiri bado, lakini kuamka mapema ni rahisi kuliko mama wa miaka zaidi ya sabini kulala njiani bure.

Wasiwasi wangu uko kwa wasio na mdogo wangu. Mzee wa Bahi au Mpwapwa, watoto wametawanyika, rufaa yake imekunjwa ndani ya Biblia au msahafu kabatini, anasubiri kuitwa. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vina daftari, vina katibu, vina watu wa kutumwa msiba ukitokea. Daftari hilo hilo linaweza kuwa na ukurasa wa wenye rufaa, nani anakwenda lini na nani atampeleka, kabla haujawa msiba.

Na kwa hospitali zetu ombi langu halihitaji jengo wala mashine mpya. Karatasi aliyopewa mama ilikuwa na nafasi ya jina, umri, ugonjwa, na sahihi ya daktari. Iongezwe mistari mitatu: simu ya mgonjwa au ndugu yake, namba ya rufaa yenyewe, na simu ya ofisi ya kuulizia ambayo ikipigwa inapokelewa.