Dripu ya Kasi: Jicho Liliona Nafuu, Hesabu Ikaona Vifo

Mtoto analetwa wodini homa kali, anahema mbiombio, mikono na miguu ya baridi. Ukibonyeza ukucha, damu inachelewa kurudi. Kwa miaka mingi mwongozo ulisema: ameingia shoku, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, tundika dripu, maji yaende kasi. Mtoto wa kilo 10 alipata walau mililita 200 ndani ya saa moja.

Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, daktari mtafiti wa Kilifi, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ulipima jambo hilo na kutoa matokeo 2011. Ndani ya saa 48 walifariki watoto 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya kasi. Waliopewa maji ya chumvi kwa kasi walifariki 110 kati ya 1,047. Wa albumini, maji yenye protini ya damu, 111 kati ya 1,050. Utafiti ukasimamishwa kabla idadi iliyopangwa haijatimia.

Wakosoaji hawakukurupuka. Hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na malaria, na shoku ilitafsiriwa kwa upana. Je, matokeo ya Mbale, Uganda, yamwongoze daktari wa London? Swali la haki. Ila mbona halikuulizwa safari ya kwenda? Utafiti wa Marekani wa 1991 uliotajwa sana kutetea maji mengi ulikuwa na watoto 34, tena waliolazwa penye vifaa vyote, na hakuna aliyesita kuuleta Mbale au Muheza, Tanzania.

Wapo pia waliosikia “mtoto mgonjwa asipewe maji”. Sivyo. Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa kabisa, na wale ambao hawakupewa maji ya kasi walipata dripu ya polepole, antibayotiki, dawa za malaria, na damu walipopungukiwa.

Takwimu ninayoirudia kila mara ni nyingine. Baada ya saa moja, shoku ilikuwa imeondoka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya kasi, dhidi ya asilimia 32 ya wenzao. Yaani nesi aliyetundika ile dripu aliona vidole vinapata joto, mama akashusha pumzi, tabibu akahamia kitanda cha pili. Aliyefariki alfajiri zamu ikiwa imebadilika aliandikiwa malaria kali au homa ya mapafu. Nani angeilaumu dripu ya jana mchana? Miaka 30 kazini isingemfunulia mtu jambo hili, maana kila siku alishuhudia nafuu kwa macho yake. Ilibidi watoto wagawanywe kwa bahati nasibu na vifo vihesabiwe.

Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake 2016, miaka mitano baadaye, likabakiza maji ya haraka, kwa kiasi kidogo zaidi, kwa mtoto mwenye dalili zote tatu: baridi ya mikono na miguu, damu kuchelewa kurudi, na mapigo dhaifu ya mbio. Waandishi wa miongozo huogopa kuyumbishwa na utafiti mmoja, na naielewa hofu hiyo. Lakini ndani ya FEAST watoto wa aina hiyo walikuwa 65: waliopewa maji ya kasi walifariki 24 kati ya 50, wasiopewa 3 kati ya 15. Idadi ni ndogo, wanasema. Ni kubwa kuliko 34.