Sahihi ya mama: jeshi la Marekani au chuo?

Jirani yangu hapa Dayton, Ohio, aliniita nimsomee karatasi. Ni mama wa Fizi, Kongo, aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Mwanawe ametimiza miaka 17, anamaliza sekondari, na anataka kujiunga na jeshi. Kwa umri huo hapokelewi bila sahihi ya mzazi. Mama aliishika kalamu, akaiweka chini. "Mimi niliwakimbia wenye bunduki, ndugu yangu. Leo nimpeleke mwanangu kwa mkono wangu?"

Kumjibu kwa hesabu tupu si kumtendea haki. Ila hesabu zipo. Mwaka 2025 askari mpya analipwa zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi, na akikaa bwenini kambini, halipi kodi ya nyumba wala matibabu. Akitumikia miezi 36 na kutoka kwa heshima, GI Bill, mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, kwa sheria ya 2008, inamlipia miezi 36 ya masomo: ada yote ya chuo cha umma kwa mkazi wa jimbo, pamoja na posho ya nyumba na vitabu. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, huomba uraia kupitia utumishi wake bila kulipa ada. Kwa nyumba ambayo baba hupakia maboksi ghalani usiku kucha, haya si madogo.

Chuo nacho tunakikatia tamaa mapema mno. "Mjomba, chuo ni cha wenye hela," kijana aliniambia. Niliumia. Mkimbizi na mwenye kadi ya kijani wana haki ya msaada wa serikali kuu. Familia yenye kipato kidogo ikijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, ruzuku ya Pell hufika dola 7,395 kwa mwaka, nayo hairudishwi. Kwenye chuo cha jamii (community college), kile cha miaka miwili chenye ada nafuu, mara nyingi fedha hizo zinamaliza ada. Fomu hiyo hakuwahi kuijaza. Alikuwa anakwenda jeshini akiamini mlango wa pili umefungwa, na hakuna aliyewahi kujaribu kitasa.

Jeshini, kijana anataka tawi la Marine kwa sababu ya sare. Vijana hubishana sana kuhusu tawi, Marine au Jeshi la Anga, Wanamaji au Nchi Kavu, lakini kwangu mimi kinachoamua maisha ya baadaye ni kazi iliyoandikwa kwenye mkataba. Aliyetengeneza injini za ndege miaka minne anatoka na ufundi unaotafutwa uraiani. Askari wa miguu anatoka na nidhamu na ujasiri, halafu anaanza kutafuta ufundi. Na hapa watoto wetu wana kikwazo ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa: kazi zinazodai kibali cha usalama hapewi asiye raia, wala hawezi kuwa ofisa. Lakini mama akipata uraia kabla mwanawe hajafika miaka 18, kijana mwenye kadi ya kijani anayeishi naye anakuwa raia moja kwa moja kisheria. Mama ametimiza miaka sita hapa na hajaomba.

Mkataba wenyewe ni wa miaka minane. Minne ikisemwa ni ya kazi, iliyobaki ni ya kuwa askari wa akiba, na mtu anaweza kuitwa tena. Ahadi ya mdomo isiyoandikwa humo haina nguvu. Mwandikishaji si lazima awe mwongo, lakini ana idadi ya kutimiza: mwaka 2022 Jeshi la Nchi Kavu lilipungukiwa askari 15,000 hivi katika lengo la 60,000.

Wapo vijana ambao darasa limewashinda kabisa, na jeshi limewanyoosha, hao siwazuii. Huyu anapenda hesabu. Ningemwambia aanze chuo cha jamii mwaka mmoja. Jeshi linapokea hata mwenye miaka 25, na anayefika na masomo ya chuo mara nyingi huanza na cheo cha juu kidogo. Na hofu ya mama isipuuzwe: mwenye kutia sahihi hachagui vita atakavyopelekwa.

Hakuisaini siku ile. Aliikunja akaiweka chini ya chupa ya chai, akamwambia mwanawe alete kompyuta tuanze FAFSA. Fomu yake mwenyewe ya uraia tumepanga kuijaza Jumamosi.