"Mfumo ndio umekata"

Mteja anauliza kaunta mbona salio limepungua, anajibiwa: "Mfumo ndio umekata." Anaondoka. Jibu hilo linaudhi sana. Mfumo haukati hata shilingi bila mtu kuuelekeza, na kila makato sharti yawe na jina lake katika orodha ya ada za benki. Iombe.

Kinachotuponza wateja ni kulalamika kwa mdomo. Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 ya kumlinda mteja inaipa benki wiki mbili kumaliza lalamiko, lakini utathibitishaje zilianza lini? Andika barua, nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Karani akikataa, mwone meneja wa tawi.

Usiandike "mnanikata sana." Chukua taarifa ya akaunti, pitia mstari kwa mstari: tarehe, jina la ada, kiasi. Vifupisho vyake vya Kiingereza vinamtesa hata aliyesoma, sembuse mama wa sokoni Arua. Mwambie karani akuandikie maana ya kila kimoja. Kisha tazama mstari wa ushuru, maana hapo ndipo watu wanapunjwa. Ada ya kutunza akaunti ina ushuru wa 15%. Ikiwa 10,000 zilikatwa kimakosa, zilizokutoka ni 11,500. Benki ikirudisha 10,000, bado unaidai 1,500. Na kama makato hayo ndiyo yaliyofanya salio lisitoshe rejesho la mkopo, faini ya kuchelewa nayo wairudishe. Dai vyote katika barua hiyohiyo, kwa sababu ukirudi mara ya pili utaambiwa suala lilishafungwa.

Ada ikipandishwa, miongozo ileile inataka ujulishwe siku 30 kabla.

Haya, si kila makato ni dhuluma. Ada uliyoitia saini bila kusoma ni yako, hata ikiuma.

Wiki mbili zikipita kimya, peleka nakala yenye muhuri Benki Kuu. Aliyekopa kwa kampuni ndogo za mikopo aende UMRA, mamlaka inayozisimamia kampuni hizo. Ikishindikana, utaratibu wa madai madogo mahakamani unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na wakili hahitajiki. Unaanza kwa kuipa benki notisi ya siku 14, ambayo nayo utaitunza nakala yake, pamoja na ile barua ya kwanza yenye muhuri.