Shemeji Haoni Ikihesabu

Hebu niambieni nyinyi mnaonielewa. Mtu umekaa na kompyuta yako ya prosesa ya Z80 uliyoilehemu kwa mkono, umeingiza programu baiti kwa baiti kwa swichi nane, vidole vinauma, halafu anakuja shemeji, anautazama ubao wote toka juu hadi chini na kuuliza, "Kwa hiyo inawasha taa?"

Sikumjibu papo hapo. Mwenye kompyuta yake hajibizani ovyo. Nikakohoa kidogo. "Shemeji, hii inahesabu."

Programu yenyewe ni baiti sita, zimeandikwa kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16: 3C D3 00 C3 00 00. Ongeza moja kwenye rejista A, kile kichumba cha namba ndani ya prosesa, peleka kwenye taa, rudi mwanzo. Nikaachia kitufe cha kuanzisha upya kwa heshima zake zote. Taa nane zikawaka pamoja, zikatulia tuli.

"Mbona zimeganda?"

"Hazijaganda. Zinahesabu."

"Mimi naona zimewaka tu."

"Zinakwenda mbio, shemeji. Saa yake ni megahezi 4, yaani mapigo milioni 4 kwa sekunde, na mzunguko mmoja wa programu unakula mapigo 25. Kwa sekunde moja inahesabu mara 160,000. Hata taa ya mwisho, ile mvivu kuliko zote, inawaka na kuzimika mara 625 kwa sekunde. Jicho lako haliwezi."

Akainua kichwa polepole, akaitazama balbu ya darini. "Na ile nayo inahesabu?"

Nikamwambia akae chini. Dawa ya kuichelewesha ipo, ni 10 FE: rejista B inapunguzwa, inarukia palepale ilipo mpaka iishe. Baiti mbili tu! Lakini kwenye swichi hakuna kusogeza, mnajua wenyewe. Ukipachika mbili katikati, C3 00 00 zote zinahama, unaziingiza upya mbele. Na kitufe changu cha kuhifadhi kina kigugumizi. Unakibonyeza mara moja, vibati vya ndani vinadundana, mashine inahesabu mara tatu. Anwani imeruka, FE imelala vyumba vitatu vya kumbukumbu. Unarudi. Unabonyeza kwa upole. Inaruka viwili. Unabonyeza kwa hasira. Hakibonyezeki kabisa!

"Bado?"

"Bado."

"Maana kwenye simu yangu kuna ki..."

"Shemeji, simu iache mfukoni!"

Mwishowe ikakubali. Taa ya mwisho ikaanza kukonyeza, kama mara 4 au 5 kwa sekunde, na zile za jirani yake zikapepesa kwa fujo. Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Inahesabu mpaka ngapi?"

"255."

"Halafu?"

"Inarudi sifuri."

"Ina maana hata mia tatu haifiki?" Akageukia mlangoni. "Dada! Njoo uone, mumeo ametengeneza taa za harusi!"

Sasa mimi nifanye nini na mtu huyu? Umeme ukikatika programu yote inafutika, nimevumilia. Kumbukumbu ikigoma kuitika prosesa inasoma FF, nayo FF ni amri halali ya kurukia 0038, na huko unakuta FF nyingine. Hilo nalo nimevumilia. Kompyuta ya Altair 8800 ilipotoka 1975 haikuwa na kibodi wala skrini, ilikuwa swichi na taa hizihizi, na watu waliingojea kwa hamu. Wao mashemeji zao walikuwa wapi?

Tena wale wa zamani nao wana kesi ya kujibu. Unafungua orodha yao ya msimbo, imeandikwa kwa oktali, namba za msingi wa 8: C3 yetu wao ni 303. Unakaa unageuza namba kama karani wa forodha. Na anwani lazima uianze kwa mkia, 8000 unaingiza 00 kwanza ndipo 80. Kikao gani kilipitisha jambo hilo, na mbona hakuna aliyenyoosha mkono? Halafu hizi swichi, hebu mnisaidie: mbona zikianza kulegea, zote zinalegea upande wa sifuri?