Mpangaji wa Nyumba Yangu

Nyumba iko Mbagala. Vyumba sita, korido katikati, choo cha nje, bati limechoka. Dalali alinivuta pembeni: “Bosi, hapa hununui nyumba, unanunua mshahara wa pili.”

Hela nilikopa SACCOS ya kazini. Wanatoa mara tatu ya akiba yako, ili mradi uwe na wadhamini. Wangu walikuwa mhasibu, aliyelainika kwa kuku wa kuchoma, na dereva wa ofisi, ambaye hadi leo nikikohoa tu ananiuliza kama nimeenda hospitali. Tukaandikishana serikali ya mtaa, mashahidi wakasaini, muhuri ukagongwa. Hesabu ilinyooka: vyumba sita kwa shilingi 50,000 ni 300,000 kwa mwezi, SACCOS wakate 250,000, chenji yangu.

Mwisho wa mwezi nikaenda kukusanya kodi, nimechomekea kabisa. Mama Zai wa chumba cha mbele akanipa kigoda na chai ya tangawizi, kisha akaingia ndani akatoka na mkataba. Kalipa mwaka mzima. Chumba cha pili, mwaka mzima. Hadi cha sita hivyo hivyo! Mzee aliyeniuzia, kabla hajaniuzia, aliwatangazia ofa: lipa mwaka, miezi miwili bure. Nikampigia; namba haipatikani. Mwenyekiti wa mtaa akaniambia kwa upole, “Baba, umenunua nyumba na watu wake.”

Bado kuna fungu la ukarabati, nikajipa moyo. Nilitaka kuezeka upya. Fundi akakagua kila kitu, akaishia chooni, akatoka kimya. Shimo limejaa na ukuta wake umeanza kutitia. Hela yote ya bati ikaingia chooni.

Mshahara unakatwa, kodi haiingii, na kule Temeke nilikopanga mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo. Nikamwambia yule yule dalali anitafutie chumba cha bei poa. Jioni akapiga: “Bosi, kimepatikana! Mbagala, choo kipya.”

Choo kipya! Nilikijua kabla hatujashuka kwenye daladala. Kijana wa chumba cha nne kahamishiwa Dodoma, anauza miezi yake iliyobaki. Tukavutana bei mlangoni kwangu mwenyewe, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama kawaida yake, bila hata kupepesa macho.

Mama Zai ndiye mkusanyaji wa hela za LUKU. Siku ya kwanza tu akanisomea sheria: mpangaji mgeni anaanza zamu ya kuosha choo. Halafu akaniwekea hesabu mbili. Umeme nichangie kama wenzangu. Ile 1,500 ya kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi niirudishe yote, “maana hiyo, baba, ni ya mwenye nyumba.”

Masika yakaingia. Chumba kinachovuja kuliko vyote ni cha nne. Wapangaji wakaitisha kikao koridoni, na sikumbuki mtu aliyefoka kunizidi: godoro langu lilikuwa limelowa hadi linachuruzika. Tukaazimia kwa kauli moja kwamba mwenye nyumba hana utu. Mama Zai akapendekeza nitumwe mimi nikamwone, kwa kuwa ndiye ninayefahamiana naye vizuri.

Nikaomba nauli. Wakanichangia 2,000.