Mchoro wa Twofold Bay na wapiga makasia wake

Mwaka 1867 Oswald Brierly alichora kwa rangi za maji wawindaji wa nyangumi wa Twofold Bay, ghuba iliyoko kusini mwa New South Wales, Australia, na leo mchoro huo umehifadhiwa katika jumba la sanaa la jimbo hilo mjini Sydney. Watazamaji husifu bahari yake, nami naisifu pia. Hata hivyo, naona haifai kuutazama bila kukumbuka kwamba mchoraji alikuwa msimamizi wa kazi ile ile. Brierly alifika Sydney mwaka 1842 katika merikebu ya Wanderer pamoja na tajiri Benjamin Boyd, mwanzilishi wa makazi ya Boydtown kando ya ghuba, na kwa miaka kadhaa, hadi alipoondoka mwaka 1848, alimsimamia Boyd shughuli za uwindaji.

Kwa hiyo aliyajua vizuri mambo ambayo rangi za maji huyapunguza makali: shahamu ikikatwa vipande na kuyeyushwa katika masufuria makubwa ya chuma, uvundo wa mizoga, moshi mzito, na mafuta yakijazwa mapipani ili yakawashe taa na kulainisha mitambo ya watu wa mbali. Rangi ikizidishiwa maji, moshi kama huo hugeuka ukungu mwepesi wa kupendeza.

Zaidi ya yote, aliwajua watu. Miongoni mwa waliopiga makasia na kushika chusa walikuwemo Wathaua, wenyeji wa pwani hiyo katika jamii ya Wayuin, ambao tangu kale waliwatazama nyangumi wauaji wakiwasukuma nyangumi wakubwa kuelekea ufukweni, na waliwahesabu wauaji hao kuwa wazee wao waliofariki na kurejea. Brierly aliwaandika wenyeji hao katika shajara zake, akiwemo Budginbro, na shajara hizo zimesalia katika maktaba ya jimbo. Wakati huohuo, juu ya mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1847 kwenye rasi ya ghuba, jina lililochongwa ni moja tu: BOYD.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila mahali mchoro huu unapoonyeshwa, ukutani au katika kitabu cha shule, kurasa za shajara ziwekwe kando yake, na maelezo yataje wapiga makasia kwa majina kabla ya kuusifu mwanga wa mawimbi.