Nasaha Bila Nasaha: Mnasihi Afuate Mila za Mteja au Kanuni za Taaluma?

Neno lenyewe lina mtego. Kwa Kiswahili nasaha ni mawaidha, maneno ya mtu aliyekuzidi umri au busara na anayekuambia ufanye nini. Basi mtu anayekwenda kwa mnasihi, yaani mshauri nasaha, huenda akitarajia kunasihiwa. Anaketi, anaeleza yaliyomsibu, kisha anauliza: "Sasa nifanye nini?" Mnasihi naye, kwa jinsi alivyofunzwa, anamrudishia swali: "Wewe mwenyewe unaonaje?" Mteja anatoka akijiuliza alifuata nini pale. Kama angekuwa anaona, si angebaki kwao?

Mafunzo hayo yana chimbuko. Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika kwamba yakitimia masharti sita mtu atabadilika, na hakuna la ziada linalohitajika. Matatu kati yake yanakaririwa vyuoni hadi leo: mnasihi asiigize, amkubali mteja bila kumwekea masharti, na aone mambo kama mteja anavyoyaona. Kutoa ushauri hakumo. Rogers aliamini kila mtu anayo ndani yake nguvu ya kujijenga, na kumwelekeza ni kumnyang'anya nafasi hiyo. Ni imani nzuri, lakini ni imani, na ina mahali ilikozaliwa. Inamchukulia mtu kama nafsi inayojiamulia yenyewe. Anayejua kwamba ndoa yake, kazi yake na hata mahali atakapozikwa ni mambo ya kikao cha ukoo anaweza kuona anazungumziwa mtu mwingine.

Hapo ndipo wataalamu walipogawanyika. Je, mnasihi aipinde kazi yake kwa kufuata jamii ya mteja, au ashike misingi ile ile kwa kila binadamu anayekaa mbele yake?

Wanaotaka aipinde wana hoja ya zamani. Mwaka 1962 Gilbert Wrenn aliandika kuhusu mnasihi aliyejifungia ndani ya utamaduni wake kama mdudu ndani ya kifuko, akidhani anachokiona humo ndio ulimwengu mzima. Mnasihi wa namna hiyo si mtu mbaya. Anaweza kuwa mpole na msikivu, ila kijana wa miaka 30 anayeishi na wazazi wake anamwona ameshindwa kukua, na mjane anayezungumza na marehemu mumewe anamwandikia ugonjwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1992, Derald Wing Sue, Patricia Arredondo na Roderick McDavis walitoa orodha ya ujuzi ambao kila mnasihi anapaswa kuwa nao: ajitambue yeye na upendeleo wake, aujue ulimwengu wa mteja, na awe na mbinu zinazofaa. Orodha hiyo imekuwa msingi wa mitaala mingi.

Hoja yao inapata nguvu ukitazama elimu yenyewe ilikotoka. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kwamba saikolojia imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya watu wa jamii za Magharibi, wasomi na wenye uwezo. Hesabu waliyoinukuu ilihusu majarida makubwa: asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Ukiijua hesabu hiyo, msemo "utafiti unaonyesha binadamu..." hauingii tena sikioni kwa urahisi.

Wapinzani wao hawasemi kwamba utamaduni si kitu. Wanachosema ni kwamba ukimfundisha mnasihi tabia za watu wa jamii fulani, umempa kifuko kingine, kikubwa kidogo. Akisoma kwamba watu wa mahali fulani huheshimu wazee na hawapendi kueleza hisia, atakapokutana na binti wa huko aliyegombana na baba yake na anayetaka kulia kwa sauti, atamwona binti ana kasoro badala ya kuona kasoro ya somo. Stanley Sue na Nolan Zane waliliona hilo mapema, mwaka 1987. Walisema kuijua jamii ya mteja kuko mbali mno na kinachomponya. Kilicho karibu ni mambo mawili: mteja amwamini mnasihi kwamba anaweza, na kikao cha kwanza kisiishe kabla hajapata kitu, iwe ni nafuu kidogo au maelezo yanayomfanya aone hali yake si ya ajabu. Walikiita kitu hicho zawadi. Nitarudi kwenye zawadi hiyo.

Kuna pia ugumu wa kuhesabu. Mtu si wa jamii moja. Ni wa kabila, ni wa dini, ni mwanamke, ni msomi wa kwanza kwao, ana ulemavu, ni mhamiaji, na mambo hayo hayajumlishwi kama namba. Tangu Kimberlé Crenshaw aandike mwaka 1989 jinsi ubaguzi wa rangi na wa jinsia unavyokutana juu ya mtu mmoja na kuzaa hali ambayo hakuna sheria iliyoitazama, imekuwa vigumu kutetea somo linalolipa kila kabila sura yake moja ya kitabu. Binafsi naona upande huu umeshinda hoja hii ya orodha. Haujashinda mjadala mzima.

Wengi wanapofikia hapa hutafuta njia ya mkato: mpe mteja mnasihi wa kwao. Raquel Cabral na Timothy Smith walikusanya tafiti za jambo hilo mwaka 2011. Walikuta kwamba watu hupenda sana mnasihi wa asili yao, na wakimpata humsifu kidogo zaidi. Lakini kwenye matokeo ya tiba tofauti ilikuwa karibu na sifuri, isipokuwa kwa Wamarekani weusi walionufaika kiasi. Si ajabu. Mtu wa kwenu ndiye pia anayeweza kumjua shangazi yako. Ndiye anayeweza kukuhukumu kwa mizani ile ile unayoikimbia. Wapo wanaomtafuta mgeni makusudi, kwa sababu siri iliyo kwa mgeni haina njia ya kurudi nyumbani.

Lugha ni habari nyingine. Mwaka 2006 Derek Griner na Timothy Smith huyo huyo walipitia tafiti 76 za tiba zilizorekebishwa kufuata utamaduni wa wateja. Kwa ujumla zilifaa, na zilizotolewa kwa lugha ya mteja mwenyewe zilifaa mara mbili ya zile zilizotolewa kwa Kiingereza. Sioni ajabu hapo, kwa sababu maumivu hayatafsiriki sawasawa. Mswahili akisema "nina mawazo" hasemi kwamba ana fikra. Anasema ana mzigo, halali usiku, ameelemewa. Mkalimani akiandika tu kwamba mteja anafikiri, ugonjwa umebaki mlangoni. Na akiitwa mtoto atafsirie mama yake, kama inavyotokea pale ambapo hakuna mkalimani, mama hatasema lililo zito, au atalisema na mtoto atabeba lisilo lake.

Washona wa Zimbabwe wana neno linalokaribiana na hilo: kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, umelitaja kati ya dhana tisa za maumivu kutoka tamaduni mbalimbali. Daktari Dixon Chibanda alijenga juu ya msamiati huo alipoanzisha huduma ya benchi la urafiki huko Harare, ambapo bibi waliofunzwa hukaa na watu nje ya zahanati na kuzungumza nao. Hatua zake zina majina ya Kishona: kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo, kisha kusimudzira, kuinua, na kusimbisa, kuimarisha. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573 katika zahanati 24, lilionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hapa wa upande wa kwanza hushangilia, na mimi huwaomba wasubiri. Chini ya benchi hilo kuna tiba ya utatuzi wa matatizo, ambayo haikutoka Zimbabwe. Huko Uganda vilevile, mwaka 2003, Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya vikundi katika vijiji 30 vya kusini-magharibi. Walianza kwa kutafuta maneno ya wenyeji, wakakuta yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Kisha wakatumia tiba ya mahusiano iliyobuniwa Marekani, ikiendeshwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliokuwa katika vikundi hivyo walikuwa na sonona. Baadaye ilikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji visivyopata tiba ilishuka kutoka 94 hadi 54.7. Kilichosafiri ni tiba yenyewe. Kilichobadilishwa ni jina la ugonjwa na mtu wa kuizungumza.

Uchambuzi wa Steven Benish na wenzake wa mwaka 2011 unaelekea huko huko. Katika tiba zilizorekebishwa, kilicholeta tofauti ni pale mnasihi alipoyachukua maelezo ya mteja mwenyewe kuhusu shida yake, ilitoka wapi, inaendaje na nini kitaiondoa, na kuijenga tiba juu yake. Anayesema amelogwa haombi mhadhara juu ya uchawi, wala hataki mnasihi ajifanye mganga. Anahitaji tiba ambayo haimlazimishi kwanza akubali kwamba anajidanganya. Nadhani hapa ndipo mgogoro wa pande mbili unapopungua ukali, ingawa sisemi umekwisha.

Haujakwisha kwa sababu kuna kundi la tatu. Mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García, wakizungumzia mafunzo ya madaktari, walisema tuache habari ya umahiri wa tamaduni, maana hakuna anayehitimu, na badala yake tuwe na unyenyekevu: mteja ndiye mjuzi, mtaalamu anajifunza maisha yake yote. Siri ya mtungi aijuaye kata. Naipenda hoja hii, lakini ina gharama isiyosemwa. Kata haikuja kufundisha. Mtu aliyekesha wiki mbili bila usingizi, akalipa ada, kisha akatumia nusu ya kikao kumweleza mnasihi maana ya mfungo au kwa nini hawezi kumkatalia kaka mkubwa, amefanya kazi ya mwalimu bila mshahara. Unyenyekevu usiotanguliwa na kusoma unaweza kuwa uvivu uliovaa kanzu. Hata mwongozo wa mahojiano uliomo katika DSM-5, wenye maswali 16 kuhusu utamaduni wa mgonjwa na anavyouona ugonjwa wake, hausaidii kitu ukiulizwa kama fomu ya benki.

Lililo gumu kuliko yote ni pale mila inapoumiza. Mke anapigwa, na mumewe au mama mkwe anamwambia mnasihi kwamba kwao ndivyo ilivyo. Mnasihi aliyefundishwa kuheshimu tofauti anasita, na kusita kwake kunaweza kumgharimu mwanamke yule maisha. Swali ninaloona halina budi kuulizwa ni: nani hapa anazungumza kwa niaba ya mila? Mara nyingi ni yule anayefaidika nayo. Ndani ya mila hiyo hiyo kuna shangazi waliomtorosha binti usiku na wazee waliomkemea mume mbele ya watu, na hao pia ni utamaduni. Mnasihi anayemheshimu mteja atawatafuta hao kabla ya kuamua kwamba jamii nzima iko upande wa fimbo. Lakini usalama wa mtu hauna kikao cha majadiliano, na hapa sioni haja ya kupima pande mbili kwa ulinganifu.

Imani ya mnasihi nayo imo katika mjadala. Kanuni za maadili za chama cha washauri nasaha cha Marekani za mwaka 2014 zinamkataza mwanachama kumpeleka mteja kwa mwingine kwa sababu tu ya maadili yake binafsi. Mwaka 2016 jimbo la Tennessee likapitisha sheria inayoruhusu jambo hilo hilo, kwa sharti kwamba mteja aelekezwe kwa mwingine na asiwe hatarini, na chama kikahamisha mkutano wake wa mwaka 2017 kutoka Nashville. Wanaoitetea sheria husema mteja hafaidiki na mtu anayemvumilia kwa shida. Ni kweli. Wanaoipinga husema mahali penye mnasihi mmoja, kuelekezwa kwa mwingine ni kufukuzwa kwa adabu. Ni kweli zaidi, hasa kwa yule aliyekwisha kufukuzwa kwao.

Turudi kwa yule aliyeuliza afanye nini. Mnasihi anaweza kushikilia somo la Rogers na kumrudishia swali. Anaweza pia kugeuka mjomba na kumwamulia. Zawadi ya Sue na Zane inampa njia ya katikati: ampe jambo moja dogo la kushika, linaloingia katika maelezo ambayo mteja mwenyewe ameyatoa, kisha amwambie, "Lijaribu hili hadi tutakapokutana. Usipoona nafuu, njoo uniambie nilikosea wapi."